Mashine haisagi, ndoo haipandi: kutafuta hitilafu kwenye puli na roda

Simu nyingi ninazopokea huanza hivi: "Fundi, njoo na mkanda." Mgonjwa ameshajitibu kabla sijafika. Nikifika, mara nyingi nakuta mkanda ndio kitu kizima kuliko vyote pale. Kilichoharibika ni puli iliyokaa upande, au bolti ya kitako cha injini iliyolegea, au hesabu ambayo haikupigwa siku mashine ilipofungwa. Mkanda unateswa kwa makosa ya wenzake, na kwa kuwa ndio unaopiga kelele, ndio unaonunuliwa mpya.

Kazi yangu ni hapa Mwandiga, mkoani Kigoma, na vijiji vya kufuata barabara ya Kasulu: mashine za kusaga na kukoboa, mashine ndogo za mawese, na kama kuna kitu kizito cha kunyanyua, basi roda na kamba. Shida nimezipanga kama wateja wanavyozisema wenyewe.

Kwanza majina, tusije tukapishana. Vitabu vya shule vinaandika roda. Mabaharia wa pwani wana kapi, na lile la juu ya mlingoti linalopitisha jarari ya kupandisha tanga wanaliita gofia. Karakana, gurudumu lenye mfereji wa kupitisha mkanda ni puli. Nitasema roda kwa la kamba na puli kwa la mkanda. Yote mawili yana daftari moja la hesabu: ukitaka mvuto mwepesi utalipa kwa kamba ndefu, ukitaka mwendo utalipa kwa mvuto. Daftari lisipokwenda sawa, kuna mahali panavuja, na kazi yetu ni kupatafuta hapo mahali.

Kabla hujashika kitu

Zima. Kama ni umeme, shusha swichi kubwa, chomoa fyuzi uzitie mfukoni mwako, maana mtoto wa mwenye mashine anapenda kujaribu. Kama ni dizeli, subiri gurudumu lisimame kabisa. Nyundo za kusagia huendelea kuzunguka kwa muda baada ya injini kunyamaza. Mkanda wa kawaida unakimbia mita 20 kwa sekunde, yaani kilometa 72 kwa saa, mwendo wa basi la Kasulu kwenye lami. Kanga ikinaswa hapo hakuna wa kuichomoa. Mashine isiyo na kinga ya mkanda mimi siiwashi hata kwa kujaribu. Funga hata mabati na wavu, ndipo tuzungumze.

"Tumehamia umeme, sasa unga unatoka chenga"

Hii ndiyo shida ya miaka hii. Umeme wa gridi ya Taifa uliingia mkoa wa Kigoma mwaka 2022, tuliokuwa tunategemea majenereta ya mafuta tukapumua. Wenye mashine kadhaa wakapiga hesabu ya dizeli, wakanunua mota, wakang'oa injini na kufunga mota palepale kwa puli ileile. Wiki haikuisha, mama mmoja akanipigia.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mama. Mashine inasemaje?"

"Inazunguka vizuri, haina hata moshi. Lakini wateja wananirudishia unga. Wanasema nawasagia chenga, na foleni siku hizi inafika barabarani."

Nikamuuliza puli ya mota ni inchi ngapi. Akasema ni ileile ya injini. Basi jibu nilikuwa nalo kabla sijapanda bodaboda.

Kanuni ni moja: mizunguko ya puli inayoendesha, ukiizidisha kwa kipenyo chake, ni sawa na mizunguko ya puli inayoendeshwa ikizidishwa kwa kipenyo chake. Injini yake ya dizeli ilikuwa inazunguka mara 2,000 kwa dakika, ikiwa na puli ya inchi 9. Puli ya mashine ni inchi 6. Elfu mbili mara tisa ni 18,000. Gawa kwa sita, mashine inapata mizunguko 3,000. Huo ndio mwendo ambao mashine nyingi za nyundo zinautaka, 3,000 na ushee.

Mota aliyonunua ilikuwa ya mizunguko 1,440. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mota ya nguzo nne (nguzo za sumaku zilizo ndani yake) ingepaswa kuzunguka 1,500, ikibeba kazi inabaki nyuma kidogo. Kibao cha mota kinasema wazi, ila watu wanasoma nguvu za farasi na kuishia hapo. Sasa 1,440 mara tisa ni 12,960. Gawa kwa sita, unapata 2,160. Mashine imepoteza zaidi ya robo ya mwendo. Na pigo la nyundo halishuki kwa kipimo hicho hicho. Linafuata mwendo uliozidishwa kwa wenyewe, hivyo lilikuwa limeshuka mpaka karibu nusu. Punje zinagongwagongwa mle ndani bila kupasuka vizuri, hazipiti kwenye chekeche, foleni inajaa.

Dawa yake ni puli kubwa zaidi kwenye mota. Inchi 12 na nusu inarudisha 3,000 kamili. Mtu anaweza kusema tupunguze puli ya mashine badala yake. Hesabu inakubali, itakuwa inchi 4 na robo hivi, lakini mkanda wa daraja B (herufi inaonyesha ukubwa wa upana wake) hauna raha kukunjwa kwenye puli iliyo chini ya inchi 5. Utapasuka tumboni mapema, na utakuwa umeokoa pesa ya puli ili uilipe kwa mikanda. Kumbuka pia kwamba puli ikikua kwa inchi tatu na nusu, mkanda unataka urefu wa ziada wa inchi tano na nusu hivi, au mota isogee mbele. Urefu umeandikwa mgongoni mwa mkanda: B-65 maana yake ni daraja B, inchi 65 kwa ndani.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Kuna mota za mizunguko 2,900. Ukiifunga na puli ileile ya inchi 9, mashine inakwenda 4,350, na mkanda unakaribia mita 35 kwa sekunde. Puli za kawaida za chuma cha kusubu hazikuumbwa kuvuka sana mita 30. Unga utatoka laini siku ya kwanza na mwenye mashine atafurahi. Nyundo ikichomoka siku ya pili itatoboa bati la mashine, na mtu wa kwanza kwenye foleni yuko mita mbili kutoka hapo. Mashine ya namna hiyo izimwe, isisubiri hata debe moja limalizike.

Kama hesabu inasema 3,000 na unga bado ni mbaya, pima mizunguko mashine ikiwa imebeba mahindi. Kipima mizunguko cha kumulika taa kwenye kipande cha karatasi inayong'aa hakina bei ya kutisha siku hizi. Mkanda mzima wa pembe, ule wa umbo la V, hupoteza asilimia 1 hadi 3. Ukikuta mashine iko 2,700, unapoteza asilimia 10 kwa kuteleza, nenda sehemu inayofuata. Ukikuta mwendo uko sawasawa, niache mimi na puli zangu, kaangalie nyundo zilizolika na chekeche lililotoboka.

Jambo dogo la mota za fezi tatu: mashine ikizunguka kinyume, fundi umeme anabadilishana waya mbili kati ya zile tatu, basi. Nimekuta mtu amevusha mkanda kwa kuukunja umbo la nane ili kugeuza mwelekeo. Kwa mkanda bapa hiyo ni njia ya zamani na inafanya kazi. Kwa mkanda wa pembe unausugua wenyewe kwa wenyewe mpaka unakufa.

"Mkanda unalia"

Uliza unalia lini.

Ukilia mashine inapoanza halafu ukanyamaza, aidha umelegea, aidha mashine imewashwa ikiwa na mahindi tumboni. Mashine iwashwe tupu, ishike mwendo, ndipo umimine.

Ukilia kila unapomimina, pima ukazo. Chukua umbali wa mkanda ulio wazi kati ya puli na puli, bonyeza katikati kwa kidole. Kwa kila sentimita 10 za umbali huo, mkanda ushuke milimita 1.6. Sentimita 50 basi ni milimita 8. Mkanda mpya unajinyoosha: kaza, endesha saa moja, zima, kaza tena, na kesho yake angalia tena. Wengi wanakaza mara moja tu, halafu baada ya siku tatu wanasema duka limewauzia mkanda feki.

Kama ukazo uko sawa na bado unalia, tazama ndani ya mfereji wa puli ndogo. Mkanda wa pembe unashika kwa kuta zake mbili, kama kabari inavyobana kwenye ufa. Ndiyo maana unashika karibu mara tatu ya mkanda bapa kwa mvuto uleule. Sasa kuta zikilika, mkanda unazama mpaka unagusa sakafu ya mfereji, ukabari unakwisha. Dalili ni sakafu inayong'aa kama kijiko. Sakafu ya mfereji inatakiwa iwe na vumbi na kutu kidogo, na mgongo wa mkanda ulingane na ukingo wa puli au uwe juu kidogo tu. Ukikuta pamezama na panang'aa, nunua puli. Mkanda mpya kwenye puli hiyo utalia wiki hiyo hiyo.

Kitu kingine ni kukumbatia. Puli kubwa na puli ndogo zikisogeleana sana, mkanda unagusa kipande kidogo tu cha ile ndogo. Ukiona umekumbatia chini ya theluthi moja ya mzunguko, sogeza mota mbali.

Na hizi dawa za mtaani: nimeona soda, nimeona sukari, nimeona lami, nimeona sabuni ya mche. Zinashika dakika kumi, halafu zinakusanya pumba na kuwa gundi ya kusagia kuta za mfereji. Huku kwetu adui mkubwa ni mawese yenyewe. Mpira wa mkanda unakunywa mafuta, unavimba na kulainika kama mkate kwenye chai. Mashine ya mawese iwe na kinga inayozuia matone. Mkanda uliolowa futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni na uuache ukauke. Ukishavimba, huo si wa kufuta tena.

"Unakula upande mmoja", "unapinduka", "unaruka nje"

Hizi ni simu tatu za ugonjwa mmoja. Puli mbili hazitazamani.

Chukua uzi wa fundi ujenzi. Ushike kwenye ubavu wa puli kubwa, uuvute mpaka ubavu wa puli ndogo. Uzi ulionyooka unatakiwa uguse sehemu nne: pande mbili za puli kubwa, pande mbili za ndogo. Ukigusa tatu, kuna puli imepinda au shafti haziko sambamba. Ukigusa mbili za kubwa na hewa tupu kwenye ndogo, puli moja imeingia sana au imetoka sana kwenye shafti. Mkanda wa pembe unavumilia kosa la milimita 3 hivi kwa kila sentimita 30. Zaidi ya hapo unajikwangua ubavu mmoja, na unga mweusi wa mpira utauona sakafuni chini ya mashine.

Nitasema la kwangu, maana si wateja peke yao wanaokosea. Mwaka wa kwanza nimejitegemea nilifunga mikanda mara tatu ndani ya mwezi mmoja kwenye mashine ya kukoboa. Kila mara nilipima kwa uzi, kila mara ukagusa sehemu zote nne, nikaondoka na hela yangu. Mara ya nne nikakaa kwenye gunia nikaitazama mashine ikifanya kazi, jambo ambalo sikuwa nimelifanya. Alipomimina mpunga, injini nzima ikatambaa kidogo kuelekea mashine, kama mbuzi anayevutwa kamba. Bolti moja ya kitako ilikuwa imekatika ndani ya simenti na kichwa chake kimekaa juu kwa adabu kabisa. Ikiwa imesimama, puli zilitazamana. Ikibeba mzigo, zilipishana. Tangu hapo napima mara mbili: mashine ikiwa imelala, na kwa macho ikiwa inafanya kazi, nimesimama mbali.

Mkanda unaopinduka ndani ya mfereji wakati puli zimenyooka, muulize aliyeufunga alitumia nini. Kama aliupandisha kwa nondo au bisibisi huku puli inazungushwa, nyuzi za ndani zilikatika siku hiyo hiyo, na sasa upande mmoja umekuwa dhaifu. Mkanda unafungwa kwa kulegeza mota na kuisogeza, unaingia kwa mkono, ndipo unakaza. Mashine isiyo na nafasi ya kusogeza mota ilifungwa vibaya tangu mwanzo.

Kwa puli za mifereji miwili au mitatu, badilisha mikanda yote kwa pamoja. Ukichanganya mpya na ya zamani, ile ya zamani imeshanyooka, inapunga hewa, na mpya unabeba kazi ya watatu.

"Mkanda wa kwanza mzima, wa pili unateleza kila siku"

Hii ni ya mashine za mawese, na ndiyo ninayoipenda, kwa sababu hapo ndipo daftari linaonekana wazi.

Mashine ya kuponda chikichi haitaki mwendo, inataka mvuto. Tuseme unataka shafti yake izunguke mara 100 kwa dakika na mota yako ni 1,440. Kwa hatua moja ungehitaji puli ya inchi 4 kwenye mota na ya inchi 58 hivi kwenye mashine, pana kuliko mlango. Kwa hiyo mafundi wanaweka shafti ya kati: inchi 4 inaendesha inchi 15, shafti ya kati inazunguka 384, hapo tena inchi 4 inaendesha inchi 15, unapata 102. Puli zinafanana, mikanda ni ya daraja A yote, inapendeza machoni. Na mkanda wa pili unateleza.

Mwenye mashine anasema, "Fundi, mikanda ni pacha, nimenunua duka moja!" Ndiyo, lakini kazi si pacha. Nguvu inayopita ni ileile, tuseme kilowati 2.2. Mkanda wa kwanza unakimbia mita 7.7 kwa sekunde, kwa hiyo unavuta nyutoni 290 hivi, kama kubeba kilo 29. Mkanda wa pili unakwenda mita 2 tu kwa sekunde. Kupitisha kilowati zilezile kwa mwendo huo lazima uvute zaidi ya nyutoni 1,000, kama kilo 110. Umeupa mtoto gunia la baba yake kwa sababu wamevaa shati moja.

Kukaza zaidi hakusaidii, kunaua beringi. Weka puli za mifereji minne kwenye hatua ya pili, au ongeza ukubwa wa puli zote mbili za hatua hiyo kwa uwiano uleule ili mkanda uende haraka, au fanya kama wanavyofanya wenye busara, weka cheni na meno kwenye hatua ya mwisho. Ninapofika kwenye mashine ya mawese iliyofungwa na mtu mwingine, hatua ya pili ndiyo ninayoitazama kwanza.

Beringi inawaka, mashine inatikisika

Beringi inayochoma kidole upande wa mkanda tu: mkanda umekazwa kupita kiasi, au puli imekaa mbali kwenye ncha ya shafti na kuigeuza kuwa wenzo. Sukuma puli karibu na beringi kadiri inavyoruhusu. Grisi iliyozidi nayo inapasha moto. Si kila joto ni njaa ya grisi.

Mtikisiko: zungusha kwa mkono mashine ikiwa imezimwa, tazama ukingo wa puli dhidi ya kitu kilichosimama. Ukiyumba, shafti imepinda au tundu la puli limelika. Kile kipande cha chuma kinachofunga puli kwenye shafti, tunachoita kii, kikilegea kinagonga ko-ko-ko kila unapomimina. Wengine wanachomeka msumari badala yake. Kama puli haiyumbi, uliza kama nyundo zilibadilishwa upande mmoja tu. Uzito ukipishana mashine nzima inacheza.

"Roda ya kisima haisaidii kitu"

Sasa twende kwenye kamba. Kisima kina mti juu, roda moja imening'inia, ndoo ya lita 20. Mtu analalamika kwamba ni nzito vilevile. Ni kweli, na roda haina kosa. Roda iliyofungwa mahali pamoja haipunguzi uzito hata kidogo; inageuza mwelekeo tu, uvute kwenda chini badala ya kuinama juu ya shimo. Kilo 21 za maji na ndoo zinabaki kilo 21, na msuguano juu yake.

Ikiwa imekuwa nzito kuliko zamani, zungusha roda kwa kidole bila kamba. Nyingi ninazozikuta hazizunguki kabisa, zimeshikwa na kutu, kamba inakwaruza juu yake kama juu ya gogo. Tone la grisi kwenye ekseli, na kama tundu limekuwa yai, badilisha roda.

Kamba ikikatika kila mara palepale, pitisha kidole kwenye mfereji. Kamba nyembamba sana huzama, nene sana inabanwa na kuta. Na roda ndogo inavunja kamba kwa kuikunja: kwa kamba ya kawaida, kipenyo cha roda kiwe angalau mara nane ya kipenyo cha kamba, kwa waya wa chuma, mara 18 au zaidi. Waya wa winchi ukiuona una nyuzi zilizokatika zimesimama kama miiba, hiyo si ya kukata kwa koleo ili isichome mikono. Waya huo umekwisha.

Mti ukivunjika watu hushangaa. "Ulikuwa unabeba ndoo moja tu!" Hapana. Ndoo inavuta chini kilo 21, na wewe upande wa pili unavuta chini kilo 21 na zaidi. Mti unabeba zote mbili, 42 na ushee, na ukivuta kwa kushtua unaongeza tena. Fundi ujenzi anayepandisha zege ghorofani akumbuke hilo: ndoano ya juu ihesabiwe kwa mara mbili ya mzigo, kisha ongeza juu yake.

"Tuna roda nne, mbona mzigo haushuki robo?"

Hesabu kamba, usihesabu roda. Kamba ngapi zinashikilia lile bloku, yaani fremu iliyobeba roda, linalotembea na mzigo? Zikiwa nne, mzigo wa kilo 200 ungetaka mvuto wa kilo 50, kwenye karatasi. Lakini kila roda inakula sehemu yake. Kwa roda zetu za kawaida zisizo na beringi, tuseme moja ya kumi kila moja. Kamba ya kwanza baada ya roda ina sehemu 0.9 ya mvuto wako, ya pili 0.81, ya tatu 0.73, ya nne 0.66. Jumla 3.1. Kilo 200 gawa kwa 3.1 ni kilo 65 hivi. Tofauti ya 50 na 65 imekwenda kwenye ekseli. Ukikuta inataka kilo 90, kuna roda moja imekwama. Iguse kila moja baada ya kazi, iliyopata joto kuliko wenzake na isiyo na alama ya kuzunguka ndiyo hiyo. Kuongeza roda ya tano na ya sita zenye kutu kunaongeza kamba ya kuvuta kuliko kunavyopunguza uzito.

Kamba zikijisokota na mzigo kuzunguka kama pia, kamba ni mpya na ina msokoto wake. Ifungue yote, iburute chini ikiwa huru, ifunge tena. Msishike mzigo kwa mikono kuuzuia usizunguke.

Na usisimame ndani ya kona ya kamba iliyokazwa, wala kwenye mstari wake. Roda ya kona ikichomoka, inaruka kuelekea ndani ya kona hiyo, upande kamba zinakoivuta.

La mwisho ni la Katonga, kando ya Ziwa Tanganyika, tulipokuwa tunavuta boti ya mbao nchi kavu kwa ajili ya kuikalafati, yaani kuziba nyufa za mbao zake. Bloku mbili, kila moja na roda mbili, moja kwenye mwembe na nyingine kwenye boti, magogo chini. Watu wanane, boti imegoma. Mwenye boti, mzee wa makamo, akataka kutuma mtoto akaite wengine mwaloni.

"Mzee, subiri kidogo," nikamwambia. "Mnavuta kuelekea wapi?"

"Huku majini, kamba inatokea kwenye mti."

Ncha ya kuvutia ilikuwa inatoka kwenye bloku la mwembe, kwa hiyo boti ilishikwa na kamba nne. Tukalegeza, tukabadilishana bloku: la mwembe likaenda kwenye boti, la boti kwenye mwembe, ncha sasa inatoka kwenye boti na watu wanavuta kuelekea mwembe, upande ule ule boti inakokwenda. Kamba tano zikawa zinaivuta, ya tano ikiwa ile iliyo mikononi mwao. Kwa roda zilezile zenye kutu, 3.1 ikawa 4.1. Boti ikapanda na watu saba. Mmoja alibaki kusogeza magogo.

Kamba tu ndiyo iliyotusumbua. Kila mita ya boti sasa ilikula mita tano badala ya nne, na bloku zikakutana uso kwa uso mita mbili kabla ya pale mzee alipotaka. Tukatia kabari, tukalegeza, tukafunga bloku kwenye mwembe wa nyuma yake, tukaanza upya.